Maji, Moto na Orodha: Kweli na Uongo Kuhusu Kusoma Tamthiliya

Wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, maduka ya steshenari ya Kahama mjini hupanga vijitabu vya uchambuzi mbele kabisa, juu ya kaunta. Tamthiliya zenyewe ziko rafu ya nyuma, kama zipo. Sina ugomvi na vijitabu hivyo, maana mtoto anayegombea nakala moja ya kitabu na wenzake watano atashika anachokipata. Ugomvi wangu ni na imani zinazosafiri pamoja navyo, kutoka Nyasubi hadi Kakola, kutoka Ushirombo hadi Geita: kwamba sitiari ni pambo, kwamba mhusika mkuu ni mwandishi aliyebadili nguo, kwamba dhamira ni methali ya kubandika mwishoni. Baadhi ya imani hizi ni uongo mtupu. Nyingine ni kweli iliyokatwa nusu, na hizo ndizo zinazowaponza wanafunzi hodari.

Nitazipima kwa tamthiliya ambazo wengi wetu tumezisoma shuleni: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba (1988), Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation, iliyotoka miaka ya 1990, na Orodha ya Steve Reynolds (2006). Zote ni fupi. Yoyote kati ya hizo unaimaliza ndani ya basi la Kahama kwenda Mwanza, ukipata kiti na jirani asiyependa maongezi.

"Tamathali za semi ni mapambo ya mwandishi."

Si kweli, na makosa mengine mengi yanazaliwa hapa.

Kwenye riwaya yupo msimulizi anayeweza kusimama pembeni na kupamba apendavyo. Jukwaani karibu kila neno lina mdomo wa mtu, na mtu huyo anataka kitu kwa mwenzake. Chukua maneno ya machimboni: "dhahabu imekimbia." Kibarua akimwambia hivyo mfadhili anayelisha duara la uchimbaji, anaomba siku zaidi na unga zaidi. Mfadhili akiyarudia maneno yaleyale mbele ya anayemdai, anakataa kulipa. Tashihisi ni ileile na dhahabu ina miguu mara zote mbili, lakini kazi iliyofanywa na maneno hayo ni mbili tofauti. Mwanafunzi anayeandika "mwandishi ametumia tashihisi" kisha akaweka nukta hajachambua bado. Amebakiza maswali yenye alama: nani kasema, kamwambia nani, alitaka apate nini, na aliyesikia akafanya nini baadaye.

Kilio Chetu inalionyesha hili vizuri kuliko vitabu vinavyosifiwa zaidi. Humo UKIMWI unachorwa kama dubwana. Kijitabu kitakwambia hiyo ni sitiari ya ukatili wa ugonjwa, na ni sawa. Lakini kumbuka wakati wenyewe. Watu walikuwa wakiuita ugonjwa huo kwa majina ya kando: kule Kagera uliitwa Juliana, mitaani ulikuwa ngoma, umeme, miwaya. Kila jina lilimruhusu msemaji aongee bila kusema. Dubwana nalo liko kwenye ukoo huohuo, kwa sababu linatisha ila halielezi mtu anaambukizwaje. Na mgogoro mkubwa wa tamthiliya ile ni upi? Ni wazazi wanaoona aibu, au dhambi, kuwaeleza watoto habari za mwili wao. Vijana kama Joti na Suzi wanatumbukia wakiwa na hofu tele na maarifa kidogo. Mtoto anayeogopa dubwana hajajua bado atalikwepaje. Kwa hiyo picha ile, ambayo kijitabu kinaisifu kwa uzuri wake, inafanana mno na ukimya ambao tamthiliya inaulaumu. Ukiliona hilo, umeacha kuorodhesha tamathali na umeanza kusoma.

"Maji katika Kinjeketile ni ishara ya ushirikina na ujinga wa wazee wetu."

Si kweli. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu dai hili lina sura ya pekee kwetu sisi wa ukanda wa dhahabu.

Fuata yale maji kama unavyofuata mtu. Mwanzoni watu wa kusini wamegawanyika kwa makabila yao, wanalimishwa mashamba ya Wajerumani kwa kiboko, na hakuna anayemwamini jirani kiasi cha kuinuka naye. Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka akiwa na ujumbe wa Hongo, mzimu wa mtoni, na maji yanawapa kitu ambacho hawakuwa nacho: sababu ya kusimama pamoja. Hapo maji ni umoja. Baadaye anang'amua kwamba ndani ya ujumbe huohuo wameahidiwa kuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani kumtoa bwana mmoja na kumpokea mwingine. Hapo maji ni shaka, na anayeshikwa na shaka wa kwanza ni yeye aliyeyaleta. Watu hawana subira na shaka yake. Wanataka vita, na mikononi mwa wapiganaji maji yanakuwa silaha, kwa gharama tunayoijua: wanahistoria hukadiria kwamba vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyofuata, viliua watu kati ya 75,000 na 300,000. Mwishoni anatakiwa atangaze kwamba yalikuwa uongo, naye anakataa. Sasa maji ni neno la kuachiwa wajukuu.

Maji ni yaleyale tangu mwanzo hadi mwisho. Yanabadilika maana kwa kadiri yanavyobadilisha mikono. Anayeandika "ushirikina" amesimama kwenye hatua moja, tena amesimama pale alipokuwa amesimama afisa wa Kijerumani.

Sasa habari ya kwetu. Wapo wachimbaji wanaokwenda kwa mganga kabla ya kufungua duara, na kila mtu hapa anawajua. Zaidi ya hapo, kati ya miaka ya 2006 na 2009 hivi, kanda hii ilishuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa imani kwamba viungo vyao huvuta utajiri wa dhahabu na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu mkoani Shinyanga iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa mauaji ya mvulana mmoja. Mwanafunzi aliyekulia kwenye habari hizi akifika kwenye Kinjeketile ana hatari mbili. Anaweza kuona haya na kuandika haraka haraka kwamba wazee wale walikuwa wajinga, ili ajitenge nao. Au anaweza kuzichanganya imani zote katika kapu moja. Tamthiliya inamsaidia kutenganisha, kwa sababu haimuulizi kama maji yanazuia risasi. Inamuuliza watu walikuwa wamebanwa kiasi gani hadi wakahitaji maji, neno lile lilimfanya nani afanye nini, na nani alilipa. Ukimuuliza maswali hayo mganga wa dhahabu, jibu litakuwa tofauti kabisa na la Kinjeketile: anayelipa si yule anayetafuta utajiri, ni mtoto wa mtu mwingine asiye na hatia. Imani mbili zinazofanana kwa jina zinaachana kwa matendo.

Na kuna kosa la pembeni linaloambatana na hili, la kumchanganya Kinjeketile wa jukwaani na Kinjeketile Ngwale, mtu wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro, Agosti 1905. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba wa kwake ni mtu wa kubuni. Ukitumia kitabu cha historia kumsahihisha, umeenda nje ya swali.

"Jina la tamthiliya limeshataja dhamira yake."

Si kweli, japo mwandishi akikutega kwa jina zuri kama la Semzaba ni vigumu kutonasa.

Ngoswe ni karani wa sensa aliyetumwa kijijini. Anampenda Mazoea, binti wa mzee Ngengemkeni Mitomingi, ambaye tayari ana mchumba. Anatoroka naye, na baba mtu anazichoma moto karatasi za sensa. Jina la kitabu limeshatuambia mkosaji: penzi, kitovu cha uzembe. Basi majibu ya wanafunzi yanafuata reli hiyo, "dhamira kuu ni mapenzi na uzembe kazini," na mtu anaongeza msemo wa mitaani wa kumwachia Ngoswe ya Ngoswe.

Lakini soma tena ule moto, na uusome kama moto kwanza, kabla ya kuufanya ishara. Kijana aliyeona sensa ya Agosti 2022, makarani wakitembea na vishikwambi, anaweza asielewe uzito wa tukio lile. Tamthiliya ilichapishwa mwaka 1988, mwaka ambao nchi ilikuwa na sensa pia, na wakati huo karatasi iliyokuwa mkobani ndiyo kumbukumbu pekee. Ikiungua, kaya zile hazijahesabiwa. Maana ya juu isipokamatwa, maana ya ndani inaelea tu.

Ukishajua kilichoungua, muangalie aliyewasha. Mitomingi si mwanakijiji wa kawaida, ni balozi wa nyumba kumi. Aliyechoma karatasi za serikali ni kiongozi, wa ngazi ya chini kuliko zote na iliyo karibu na watu kuliko zote. Na aliyesababisha achome ni mtumishi wa serikali, aliyekuja na kalamu. Wote wawili walikuwa na majukumu yao hadi nyumba ya mmoja ilipoguswa. Hapo balozi akawa baba, na karani alikuwa ameshakuwa bwana harusi wa wizi siku nyingi. Mlinzi wa mgodi ambaye binamu yake anaingia usiku kuokota mawe atamwelewa Mitomingi bila kijitabu. Ongeza pombe, ongeza wanakijiji wasiotaka kuhesabiwa, ambao baba zao walizoea kuona kwamba anayekuja kuhesabu vichwa anafuatwa na anayekuja kutoza kodi ya kichwa. Penzi lipo, ndiyo. Limekalia kiti cha mbele tu.

Kwa hiyo jina la kitabu lichukuliwe kama kauli ya mhusika mmoja zaidi, anayedai jambo. Tamthiliya ndiyo ushahidi, na mara nyingi ushahidi unasema mengi kuliko mashtaka. Hata ule msemo wa kumwachia Ngoswe ya kwake unageuka kichekesho: mambo ya Ngoswe yamemwingiza hasara kila mtu kijijini, na hakuna aliyeweza kumwachia.

"Majina ya wahusika yanafichua tabia zao."

Kweli mara nyingine. Mazoea ni jina la kazi, na Semzaba hakulichagua usingizini. Lakini Furaha wa kwenye Orodha anakufa akiwa msichana mdogo, na furaha aliyoahidiwa na marafiki zake ndiyo iliyomfikisha huko. Pale jina ni kejeli. Huku kwetu jambo hili lisingetakiwa kutusumbua: tuna akina Kulwa, Doto na Shija kila mtaa, na kila mtu anajua kwamba Shija alipewa jina kwa sababu alizaliwa baada ya mapacha. Jina linatwambia aliyelitoa alikuwa anaona nini siku ile. Tabia ni mambo ya baadaye.

"Maelezo yaliyo kwenye mabano ni ya waigizaji, msomaji ayaruke."

Si kweli. Tamthiliya fupi haina nafasi ya kueleza moyo wa mtu, hivyo inautoa nje kwa mwili: anayekaa wakati wenzake wamesimama, anayegeuza uso, anayenyamaza mahali ambapo swali limeulizwa. Kinjeketile anapopandwa na Hongo, mwili wake unasema kabla ya mdomo. Ukiruka mabano umebaki na mazungumzo ya simu ambayo umesikia upande mmoja. Mtihani hauulizi mabano, wanasema. Mtihani unauliza "thibitisha", na uthibitisho mwingi umo humo.

"Mhusika anayesema maneno ya busara ndiye msemaji wa mwandishi."

Si kweli, na mfano mzuri kuliko yote unahusu dhahabu.

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice ya Shakespeare. Atakayemwoa Porshia sharti achague kasha moja kati ya matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Mwanamfalme wa Moroko anachagua dhahabu na kukuta fuvu, pamoja na karatasi ya kumsuta kwa kudanganywa na mng'aro. Basanio, mposaji mwingine, anasema maneno mazuri sana dhidi ya vitu vinavyopendeza macho, anachagua risasi, na ndani yake anakuta picha ya binti. Sijakutana na darasa la Kahama lisilopenda onyesho hili. Watoto wa wachimbaji wanacheka kwa namna yao, maana wamewaona watu wazima wakilia mbele ya mawe yaliyong'aa bure. Kisha wanaandika: ujumbe ni kwamba tusipende mali.

Ngoja. Basanio amefikaje pale? Kwa fedha za mkopo, dukati 3,000, ambazo rafiki yake ameziwekea rehani nyama ya mwili wake. Na alipokuwa akimweleza rafiki huyo kuhusu Porshia, miongoni mwa sifa za kwanza alizozitaja ni kwamba binti ana mali. Huyu ndiye anayehutubia kuhusu ubaya wa dhahabu, na anaondoka na kasha pamoja na utajiri wote wa Porshia. Hotuba ni tamu, na huenda hata anaiamini wakati anaisema. Lakini mwandishi ametuwekea hekima mdomoni mwa mdeni, makusudi, ili tusikie vyote viwili kwa pamoja. Anayenukuu hekima na kumsahau mdeni ametoka na nusu ya onyesho, tena ile nusu rahisi.

Jaribu hili kwa kila kauli inayovutia kuandikwa ukutani. Uliza kwanza aliyeitoa alikuwa anadaiwa nini.

"Mhusika bapa ni udhaifu wa mwandishi."

Si kweli katika mchezo mfupi. (Mwanafunzi wa Kakola akisikia kwa mara ya kwanza "mhusika duara", kinyume cha bapa, anatabasamu, kwa sababu nyumbani duara lina matimba na kamba, na watu wanashuka humo kutafuta maisha. Sijaona sababu ya kumnyima tabasamu hilo.)

Orodha inahitaji watu waliochorwa kwa mistari michache. Tamthiliya inaanza na kifo cha Furaha kwa UKIMWI, kisha inaturudisha nyuma, na mvutano wote unatokana na karatasi moja: ameacha orodha, na orodha itasomwa msibani. Mara tunaona watu wanavyohangaika. Bwana Ecko anahangaika. Salimu na Juma wanahangaika. Hata padri ana sababu ya kukosa usingizi. Kila mmoja amepewa kitu kimoja tu cha kuficha, na kwa muda tulio nao hicho kinatosha. Wangekuwa na maisha marefu na historia za utotoni, tungewahurumia kabla ya wakati na karatasi ingepoteza nguvu.

Inaposomwa, haina jina la mtu hata mmoja. Ina mambo, kama ukweli na uaminifu, ambayo binti alihitaji kutoka kwa waliomzunguka na hakuyapata kwa wakati.

Hapo ndipo lugha ya picha inapofanya kazi kubwa kuliko sitiari yoyote ya kwenye sentensi. Orodha, tangu mwanzo, ilikuwa kichwani mwa wahusika tu, na kila mmoja aliijaza kwa woga wake. Kichwani mwetu pia. Msomaji mwaminifu atakiri kwamba naye alikuwa akisubiri majina, kwa hamu ileile ya watu wa msibani wanaonong'ona nani alimwambukiza nani. Tamthiliya imetunasa tukifanya kile inachokilaumu. Mwanafunzi anayeandika kwamba dhamira ni "athari za UKIMWI" hajakosea, ila amejibu swali la nani ameua, wakati kitabu kilishahamia kwenye swali la nini kilikosekana.

"Kuigiza darasani ni kupoteza muda; tamthiliya ni kitabu kama vitabu vingine."

Si kweli, na Usukumani dai hili lilipaswa kuwa aibu. Hapa ndipo vikundi vya Bagika na Bagalu vimekuwa vikishindana kwa ngoma tangu enzi za mababu, kila upande na dawa zake na mbinu zake za kuvuta watazamaji, na anayeshinda ni yule ambaye umati umehamia kwake. Watu waliolelewa na mashindano hayo wanajua kwamba maana inakamilika machoni pa anayetazama.

Wasomi wa sanaa za maonyesho walilijua hili pia. Mwaka 1982 na 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba, katika mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Katika kazi ya namna hiyo wanakijiji ndio huchunguza tatizo lao, ndio huligeuza kuwa mchezo, na baada ya kuonyesha hukaa wakabishana. Mabishano ni sehemu ya onyesho. Dhamira, kwa maana hiyo, ni kile ambacho watu hawajakubaliana bado wakati vumbi la uwanja linatua.

Jambo dogo la kufanya darasani: chukua ukurasa mmoja wa Ngoswe, mahali ambapo karani na mzee Mitomingi wako pamoja. Usomwe kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza mzee akae kwenye kiti na kijana asimame. Mara ya pili kinyume chake. Maneno hayatabadilika. Wanafunzi watakwambia wenyewe ni lini heshima ilikuwa ya kweli na ni lini ilikuwa ya kununua nafasi ya kumwona binti. Hakuna kijitabu kitakachowapa hilo, na haligharimu hata chaki.

"Fasihi haina jibu moja, kwa hiyo kila jibu ni sahihi."

Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ni uvivu unaojificha nyuma ya uhuru.

Nirudi kwenye mwisho wa Kinjeketile, pale anapokataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Wanafunzi hutoa majibu ya aina tatu. Wa kwanza anasema ni ushujaa: akikana, afisa atawaambia watoto wa kesho kwamba baba zao walikosea kumpinga, na kupigana kwenyewe kutaonekana kosa. Anaweza kuonyesha ukurasa. Wa pili anasema ni ukatili: anajua watu wamekufa kwa kuamini, alikuwa ameshawataka wasubiri, na bado anakataa kutamka neno ambalo lingewazuia wengine wasife. Naye anaweza kuonyesha ukurasa, na Kitunda, kiongozi wa wapiganaji, yuko upande wake. Wa tatu anasema Kinjeketile alikataa kwa sababu aliamini hadi mwisho kwamba maji yanazuia risasi. Huyu hana ukurasa. Mtu aliyetetemeka alipotambua alichokitamka kuhusu Seyyid Said, aliyejaribu kuvizuia vita alivyovianzisha, hawezi kugeuzwa kuwa muumini asiye na shaka kwa sababu tu jibu hilo ni fupi. Majibu mawili yamesimama na moja limeanguka, na aliyeliangusha si mwalimu wala mwongozo wa kusahihisha.

Mimi naegemea kwa Kitunda. Ndiye aliyewafundisha wale watu kupigana, na sura zao anazijua. Lakini nimeona kwamba sehemu ile ikisomwa kwa sauti, na Kinjeketile akapewa kijana anayeongea taratibu, asiyepayuka, darasa zima huhamia upande wa ushujaa, na mimi hubaki peke yangu.